Kufufua Pikapu ya Land Cruiser ya Miaka ya 1990 kwa Milima na Matope ya Bukavu

Kati ya magari ya zamani yanayoendelea kufanya kazi katika Kivu ya Kusini, sioni linalostahili gharama ya kufufuliwa kuliko pikapu ya Toyota Land Cruiser ya aina ya HZJ75, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1990 hadi 1999. Injini yake, 1HZ, ni ya dizeli, ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Haina turbo wala kompyuta, na pampu yake ya mazuti hufanya kazi kwa mitambo mitupu, hivyo fundi mwenye spana nzuri, fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo) na subira anaweza kuirudisha katika hali yake hata pale ambapo hakuna mashine ya kusoma hitilafu. Ekseli zote mbili ni za chuma kizima, zinakaa juu ya springi za vyuma bapa, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Mtangulizi wake, HJ75, iliyotumia injini ya 2H ya sentimita za ujazo 3,980, inafanana nayo kiasi kwamba sehemu kubwa ya maelekezo haya inaifaa pia.

Wengi wanaonunua gari la namna hii huanza na injini, kwa sababu nguvu ndiyo inayosikika kwanza. Barabara zetu zinadai mpangilio mwingine. Anayetoka Bukavu kupitia Nyangezi kuelekea Kamanyola lazima ateremke mteremko wa Ngomo, na anayekwenda Mwenga na Kamituga atapanda, atashuka na kuzama katika udongo mwekundu mara nyingi kabla ya kufika. Gari lenye nguvu kidogo litafika limechelewa, lakini gari lenye breki dhaifu au rejeta iliyoziba halitafika kabisa. Kwa hiyo kazi ianze na chasisi, ifuate breki, kisha mfumo wa kupoza injini, kisha ekseli na injini yenyewe, na maboresho yaje mwisho, fedha itakayobaki ikiruhusu.

Kabla ya kulipa

Anza na namba ya chasisi. Katika familia hii ya magari imegongwa kwenye boriti ya kulia ya chasisi, upande wa mbele, karibu na gurudumu. Isugue kwa brashi ya waya hadi isomeke, kisha uilinganishe herufi kwa herufi na karte roze (hati ya usajili wa gari) pamoja na kibati kilicho ndani ya chumba cha injini. Namba iliyosagwa, iliyochomelewa upya au iliyopigwa kwa mkono usiotulia inatosha kukufanya uache gari hilo, hata kama bei ni nzuri, kwa kuwa utatumia miezi ya kazi kwenye mali ambayo huwezi kuithibitisha kuwa yako.

Jambo la pili ni upande wa usukani. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Kwa sababu hiyo, vipande vya nusu gari vilivyokatwa vinavyopitia Mombasa na Kampala mara nyingi vina usukani wa kulia. Injini, gia boksi, milango na ekseli ya nyuma ya gari kama hilo vitakufaa bila shida. Boksi ya usukani, dashibodi, mpangilio wa pedali na mitambo ya waipa havitakufaa. Usinunue kichwa kizima cha gari kwa kudhani kwamba kila kilichomo kitafungwa kwenye lako.

Injini iwashwe ikiwa baridi mbele yako, baada ya wewe mwenyewe kuigusa na kuhakikisha kwamba hakuna aliyeipasha moto kabla hujafika. Moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata joto huashiria mazuti yasiyoungua vizuri au maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mazuti kuzidi hewa. Moshi mweusi kidogo wakati wa kupanda mlima si jambo la kushangaza katika mwinuko wetu wa karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko usawa wa bahari.

Chasisi

Ondoa sanduku la mizigo lote. Kazi hii inachosha na wengi huikwepa, lakini chasisi ya pikapu iliyofanya kazi katika mvua ya kuanzia Septemba hadi Mei huoza kwa ndani, mahali ambapo matope yaliingia kupitia matundu na hayakutoka tena. Ingiza mpira wa maji kila tundu hadi maji yatoke masafi, acha chasisi ikauke kabisa, kisha upite na nyundo ndogo ukiigonga kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa sauti kali inayorudi. Chuma kilicholiwa hutoa sauti butu, na mara nyingi magamba ya kutu hudondoka ndani. Kagua kwa uangalifu wa pekee vishikizo vya springi za nyuma, sehemu iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma, vikalio vya kabini, na pale boksi ya usukani inapofungwa, kwa kuwa hapo nyufa nyembamba hujificha chini ya grisi na vumbi.

Pima pia mishazari. Chagua alama mbili zinazofanana kushoto na kulia mbele, na mbili nyuma, kisha upime kutoka kushoto mbele hadi kulia nyuma na kinyume chake. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, chasisi imepinda, na hakuna urekebishaji wa matairi utakaolifanya gari hilo liende moja kwa moja.

Sehemu iliyooza ikatwe hadi kufikia chuma safi na kipande kipya kiwe na unene sawa na ule wa asili. Nimeona chasisi zilizoungwa kwa nondo za ujenzi. Kiungo cha namna hiyo ni kigumu kuliko chuma kinachokizunguka, hivyo mtikisiko wa barabara huhamia pembeni yake na kukata chasisi mahali pengine. Kiraka cha kuimarisha kikatwe ncha zake kwa umbo la almasi, ili mstari wa kuchomelea usikatize boriti kwa pembe mraba. Usitoboe wala kuchomelea kukatiza kingo za juu na za chini za boriti, kwa maana ndizo zinazobeba mzigo. Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, ondoa nyaya zote mbili za betri na uchomoe soketi ya alteneta, na waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu na mahali panapochomelewa, ili umeme usipite kwenye beringi.

Baada ya hapo paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosfori, ioshe na kuikausha kadiri ya maelekezo yake, kisha paka rangi ya msingi ya epoksi, na ndani ya boriti upulize nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka chini ya gari, huharibu mipira ya vikalio na mirija, na matope hushikana nayo; siishauri. Kazi ya rangi ifanyike kati ya Juni na Agosti, wakati hewa ni kavu.

Breki

Hapa usibane matumizi. Mfumo wa HZJ75 una diski mbele na dramu nyuma, ukisaidiwa na busta inayotumia vakiumu kutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Ukikanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, kisha ukaiwasha huku mguu ukiwa bado juu yake, pedali inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, busta, mpira wake au pampu ya vakiumu ina kasoro, na utateremka mlimani ukitegemea nguvu ya goti lako peke yake.

Badilisha mirija yote ya mpira bila kuiuliza umri wake, kwa sababu mpira wa zamani huvimba kwa ndani, ukaruhusu mafuta kwenda lakini ukayazuia kurudi, na breki ikabaki imeshika hadi ikawaka. Mirija ya chuma iliyoliwa na kutu ibadilishwe kwa mirija ya chuma au ya aloi ya shaba na nikeli iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, na ncha zake zikunjwe mara mbili kwa kifaa maalumu. Mrija mtupu wa shaba wa majokofu, unaopatikana kwa urahisi sokoni Kadutu, haufai kwa kazi hii; huchoka kwa mtikisiko na kupasuka bila kutoa dalili.

Dramu za nyuma zitolewe na kupimwa kwa ndani. Kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Ukikuta brekishuu zimelowa mafuta, usizioshe kwa petroli na kuzirudisha. Tambua kwanza kama ni mafuta ya breki kutoka kwenye wili silinda au ni oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) iliyopita kwenye sili ya ekseli, ondoa chanzo, kisha funga brekishuu mpya pande zote mbili kwa pamoja. Vidude vya kurekebisha nafasi ya brekishuu mara nyingi huganda kwa matope. Vifungue, visafishe, vipake grisi ya kustahimili joto, na hakikisha vinazunguka kwa mkono.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 3 mpya (namba ya DOT ni daraja la mafuta ya breki) huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi angalau, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka kwenye mteremko mrefu hugeuka mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Tumia DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, na uyabadilishe yote kila baada ya miaka miwili, au mapema zaidi ikiwa gari linashuka Ngomo mara kwa mara. Wakati wa kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, usogee karibu, na umalizie na vali ya mzigo.

Vali hiyo ya mzigo iko juu ya ekseli ya nyuma na ina mkono unaofuata mwinuko wa sanduku. Gari likiwa tupu na limeinuka, hupunguza shinikizo la breki za nyuma ili magurudumu yasiteleze. Likipakiwa na kushuka, huongeza. Anayeweka springi ndefu bila kurekebisha mkono huo anaidanganya vali, ikaamini kwamba gari ni tupu hata likiwa na tani ya viazi, na breki za nyuma zikabaki dhaifu siku zote. Kosa hili ni la kawaida sana katika magari yaliyoinuliwa, na wenye magari hulaumu brekishuu.

Kupoza injini

Bukavu iko juu kiasi kwamba maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi 95 badala ya 100. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo la karibu bar 0.9 na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Kifuniko ambacho mpira wake umekauka au springi yake imelegea hukuondolea hifadhi hiyo yote, nacho ni kipuri cha bei ndogo kuliko karibu vingine vyote vitakavyotajwa hapa. Nunua kipya cha asili.

Rejeta itolewe, ifunguliwe vichwa vyake na kusafishwa mirija mmoja mmoja. Ikiwa lazima kununua nyingine, chagua yenye kiini cha shaba badala ya ile ya alumini yenye vichwa vya plastiki. Ya shaba inaweza kuzibwa kwa lehemu na fundi wa hapa mjini, ya plastiki ikipasuka hutupwa. Feni ya mbele ina klachi yenye mafuta ya silikoni: injini ikiwa na joto kamili na imezimwa, feni ikizunguka kwa urahisi kana kwamba haijashikwa na chochote, klachi hiyo imekwisha.

Themostati isiondolewe. Desturi ya kuitoa ili injini ipoe zaidi imeenea katika garaji zetu, na imeua injini nyingi. Injini hizi zina njia ya pembeni inayozungusha maji ndani ya injini kabla haijapata joto, na themostati inapofunguka hupaswa kuifunga njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji huendelea kupita pembeni bila kufika kwenye rejeta, na matokeo yake ni kwamba injini hubaki baridi kwenye tambarare na kuchemka mlimani. Ipime kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka nyuzi 80 au chini kidogo yake. Isipofunguka, weka nyingine.

Jaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kipoza chenye glikoli na maji yasiyo na chumvi. Maji ya mferejini na ya ziwani huacha magamba ndani ya mirija. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni safi, si yale yaliyopita kwenye bati lenye kutu, yanafaa zaidi ikiwa maji yaliyotoneshwa hayapatikani.

Silinda hedi ya 1HZ (kichwa cha juu cha injini chenye vali) ikichemshwa hupata nyufa kati ya vali na kwenye vyumba vidogo vya mwako. Dalili ya mapema ni mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu asubuhi, kabla injini haijawashwa, au mapovu yanayoendelea kutoka kwenye rejeta injini ikinguruma. Hedi ya namna hiyo itolewe na ijaribiwe kwa shinikizo ndani ya maji ya moto. Kuisawazisha tu na kuweka gasketi mpya kunaahirisha tatizo hadi safari ijayo.

Ekseli ya mbele

Kila upande wa ekseli ya mbele una tufe kubwa la chuma ambalo gurudumu hugeukia, na ndani yake kuna jointi inayozunguka katika grisi. Kati ya grisi hiyo na oili ya difu kuna sili moja tu. Ikichakaa, oili hupita, huchanganyika na grisi na kuwa uji mwembamba unaotiririka nyuma ya tufe na hatimaye kufika kwenye breki. Ukiona tufe limelowa uji mweusi, usiridhike kwa kuongeza grisi, fungua yote.

Kazi hii inahitaji soketi ya milimita 54 kwa nati za habu (kitovu cha gurudumu), na ninawasihi mafundi waache kuzigonga kwa patasi, kwa sababu nati iliyojeruhiwa haiwezi kukazwa kwa kipimo. Toa habu, toa kikalio cha beringi, vuta shafti pamoja na jointi yake, kisha ufungue tufe. Osha kila kitu kwa mazuti hadi chuma kionekane. Jointi ikaguliwe njia za gololi zake: mashimo au mikwaruzo inayokamata ukucha inamaanisha jointi mpya. Beringi mbili za kila tufe, ya juu na ya chini, zibadilishwe pamoja na vikombe vyake, na vibati vyembamba vilivyokuwa juu na chini vihifadhiwe kwa mpangilio wao, kwa kuwa ndivyo vinavyoweka tufe katikati ya sili. Badilisha sili za ndani pande zote mbili, pakia jointi grisi yenye molibdeni, na funga.

Beringi za gurudumu zikazwe kwa hatua: kaza nati ya ndani huku ukizungusha habu mbele na nyuma ili grisi itulie, ilegeze, kisha kaza tena kidogo hadi mchezo uishe bila habu kuwa nzito. Ndipo iwekwe washa ya kufungia, nati ya nje, na masikio ya washa yakunjwe, moja ndani na jingine nje.

Difu zote mbili zipate oili ya gia ya daraja la GL-5 yenye uzito wa 80W-90 au inayolingana nayo. Gia boksi yenye sinkro za shaba (pete zinazolainisha ubadilishaji wa gia) ipewe GL-4, kwani dawa zilizomo katika GL-5 nyingi hula madini hayo.

Injini

Ikiwa silinda zote zinashika mgandamizo na tofauti kati yake haizidi bar 5, iache injini ikiwa imefungwa. Kuifungua kwa sababu tu ni ya zamani ni kuingiza vumbi mahali ambapo kiwanda kiliacha pasafi. Badilisha mkanda wa taimingi na beringi yake ya kukaza hata kama muuzaji anaapa kwamba ni mpya. Kiwanda kinautaka ubadilishwe kila kilometa 100,000, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Pima nafasi za vali injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa za kuingiza hewa, 0.35 hadi 0.45 kwa za kutoa moshi.

Tangi la mazuti lishushwe na kuoshwa. Mazuti yanayouzwa kwa madumu hubeba maji na mchanga, na maji ndiyo adui mkuu wa pampu na noseli zinazonyunyizia mazuti kwenye silinda. Ongeza chujio cha pili chenye bakuli la kuonesha maji kabla ya chujio cha asili, na ufungue bakuli hilo kila Jumatatu. Noseli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupima, si kwa anayeziangalia kwa macho tu.

Umeme hauhitaji maneno mengi: safisha kila waya wa ardhi hadi chuma king'ae, na uhakikishe kama gari lako ni la volti 12 au 24 kabla ya kununua hata balbu. Taa kubwa mbili za wati 60 kwenye volti 12 huvuta ampea 10, ambazo katika nyaya za asili hupita kwenye swichi iliyozeeka. Kuweka rilei mbili na waya mnene kutoka kwenye betri huongeza mwanga bila kubadilisha taa zenyewe.

Maboresho yanayofaa

La kwanza ni la bei ndogo kabisa. Kila ekseli ina tundu la kupumulia. Ekseli yenye joto inapoingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani hujikunja, na maji huvutwa kupitia sili. Funga mrija wa mpira kwenye kila tundu, ikiwemo la gia boksi, na uupandishe hadi chumba cha injini.

La pili ni matairi. Kipimo cha asili, 7.50R16, ni chembamba, na wembamba huo ni faida: hukata tope laini na kufika kwenye ardhi ngumu, mahali ambapo tairi pana huelea na kuteleza. Magari mengi bado yana rimu za pete zinazofunguka. Rimu hizo zimeua watu. Hewa yote itolewe kwa kuondoa kiini cha vali kabla ya kugusa pete, pete ya rimu moja isifungwe kwenye nyingine, na wakati wa kujaza upepo gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma au lifungwe minyororo, mjazaji akisimama pembeni. Ukiweza, hamia kwenye rimu za kipande kimoja za inchi 16 zenye matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, pamoja na matairi ya 235/85R16, ambayo urefu wake unakaribiana na wa asili, hivyo spidomita haitapotoka. Minyororo ya magurudumu ibaki ndani ya gari kuanzia mvua za Septemba.

Springi ziongezwe ugumu kwa mzigo unaoubeba kweli, si kwa mwonekano. Gari linaloinuliwa zaidi ya sentimita 5 hupata pembe kali kwenye propela shafti na hupoteza utulivu kwenye kona, na kona hatuzikosi. Bomba la kuinua hewa juu ya kabini linafaa kwa mito na kwa vumbi la Julai, mradi kila kiungo hadi kwenye chujio kizibwe. Kiungo kimoja kilicho wazi huifanya kazi yote kuwa bure.

Kuhusu turbo, maoni yangu ni kwamba isiwekwe. Najua kwamba mwinuko wetu unainyima injini hewa na kwamba turbo ingeirudisha. Lakini 1HZ haikuundwa kwa ajili ya joto hilo, na nyufa za hedi nilizozitaja huja haraka zaidi. Anayeiweka hata hivyo, shinikizo lisizidi bar 0.5, kipimo cha joto la moshi kifungwe kwenye njia ya moshi kabla haujafika kwenye turbo, na pampu isiongezwe mazuti kwa kutegemea masikio.

Kilometa za kwanza

Usilipeleke Kamituga gari lililotoka garaji wiki hiyo. Lianze kwa barabara ya Kavumu, likiwa tupu, kisha ulirudishe na kugusa kila habu kwa mkono: iliyo moto kuliko wenzake ina beringi iliyobanwa au breki inayoshika. Baada ya kilometa 500 kaza upya boliti za umbo la U za springi, nati za magurudumu na za propela shafti, angalia usawa wa oili katika difu na rangi yake, kwani rangi ya maziwa ni maji. Badilisha oili ya injini na chujio kwenye kilometa 1,000. Ndipo upakie nusu ya mzigo na uende Nyangezi, na katika mteremko wa kwanza ushuke kwa gia ileile ambayo ungeipandia, ukitumia pedali kwa vipindi vifupi. Ukisimama chini, fungua kioo na unuse. Harufu ya kuungua kutoka upande mmoja wa nyuma inamaanisha kwamba brekishuu za upande huo hazijarekebishwa sawa na za upande wa pili, nazo zirekebishwe garaji kabla mzigo wa pili haujapakiwa.